Vizibao Thelathini na Kimoja

3 Juni

Kwako Dada,

Mimi ni mtu mwenye bahati, na sisemi hivyo ili uone wivu, nasema ili usiwe na wasiwasi na mimi. Wenzangu wanatafuta kazi mpaka soli zinatoboka. Mimi kazi ndiyo iliyonitafuta. Jumamosi ile ya Desemba tuko bustanini na watoto, simu inalia, mtu ananiambia, "Bwana, wewe ndiye uliyesifiwa kwetu? Njoo haraka, stoo imetushinda." Nikamwambia subiri kwanza, niko na watoto wa watu. Akasema hasubiri. Sasa niambie, katika ukoo wetu mzima nani mwingine aliyewahi kugombaniwa hivyo? Marehemu baba alitafuta kazi miaka miwili, akapata ya kulinda ukuta, na ukuta wenyewe ukaanguka.

Nina miezi sita hapa, msimamizi kamili. Chupa tupu zinaingia, chupa zilizojaa zinatoka, na katikati nipo mimi. Nikikohoa, foklifti inasimama. Bosi haniiti jina, ananiita Mtaalamu. Chumba changu kina madirisha mawili: moja linaangalia barabara, la pili linaangalia ukuta, ila ni ukuta mzuri sana.

Ulisema hutaki tena nikupigie simu, kwamba nakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kuniuliza, na kwamba nikiwa na neno niandike. Haya, nimeandika. Kalamu hainitishi. Shule niliishia darasa la sita, lakini ni kwa sababu walimu waliona inatosha.

Huku mvua zimekatika tangu wiki iliyopita, nikajua huko mtaani mablanketi yameshatoka nje. Nawaona kabisa. Mabeseni yamepangwa kuanzia mlangoni kwako mpaka kwa Kinyozi, watoto wanakanyaga povu wamepandisha nguo magotini, na Kinyozi anapiga kelele kwamba wateja wake wanateleza. Nani amefunga kamba za kuanikia mwaka huu nisipokuwepo? Nina hakika zimelegea.

Na likizo hiyo inakuja, na safari ya watoto. Nendeni salama. Mimi ningekuja, lakini nikiondoka siku moja tu hapa wanafunga.

Wasalimie watoto wote, hasa Kidoti.

Ni mimi mdogo wako mwenye cheo,
Bingwa

*

8 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Dereva wa basi la asubuhi alisimama mlangoni anisubiri niisome ili na yeye acheke. Sikucheka.

Kamba za mablanketi nilifunga mwenyewe. Hazijalegea.

Sasa nakuandikia kama mtu asiyejua kilichotokea, kwa sababu nakufahamu, ukiachiwa upenyo unajitia umesahau. Desemba tulitoka na watoto thelathini na mmoja. Kila mmoja nilimshonea kizibao cha njano, kitambaa nikakichagua mwenyewe kwenye robota sokoni, ili mtoto akisogea mbali tumwone. Kazi tukagawana. Mimi chakula na magoti yaliyochubuka. Nesi maji ya kunywa na wale wanaotapika kwenye basi. Wewe kuhesabu. Hiyo tu. Ulichagua mwenyewe, ukasema una mkono mwepesi wa hesabu.

Kufika bustanini tukawakuta watoto wa mtaa wa relini nao wameletwa kutembea, na fundi wao naye alikuwa amenunua kwenye robota lile lile. Bustani nzima ikawa njano kama vifaranga wamemwagwa. Wakati wa kuondoka ulisimama mlangoni mwa basi letu ukapaza sauti, "Thelathini na mmoja, nimehesabu mara tatu, dereva tia moto!" Tumefika mtaani, wakashuka thelathini na mmoja kweli. Wa mwisho alikuwa mtoto wa watu, kavaa njano, anatafuna biskuti zetu, akatutazama akauliza, "Kwani hapa ni wapi?" Na Kidoti hayupo.

Mtoto wa miaka saba amekaa saa tatu nzima na mlinzi wa getini kabla hatujarudi kumchukua na kumrejesha yule wa watu. Na wewe asubuhi yake ukapanda basi.

Tarehe 28 kuna mkutano wa wazazi, Nesi ndiye mwenyekiti. Kinyozi anataka safari zife kabisa, watoto wakae nyumbani. Na karibu kila mtu anasema kosa ni kitambaa changu. Hawaniambii machoni. Nikiingia dukani kununua uzi, mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kuulizia bei ya chumvi ambayo anaijua tangu azaliwe.

Safari hii niliianza mimi, na watoto saba, wakati ule likizo nzima walikuwa wanashinda wakirusha mawe kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni. Watoto wa hapa mti wanaoujua ni nguzo ya umeme. Siiachi. Na tunarudi bustani ile ile, sio nyingine, ili Kidoti apaone tena akiwa na watu wake.

Nataka kitu kimoja tu kwako. Njoo tarehe 28 usimame mbele ya watu useme ulihesabu vipi. Kama huwezi kuja, andika. Mlangoni ulikuwa wewe, sio mimi.

Dada yako

*

12 Juni

Dada yangu kipenzi,

Punguza moto, utaunguza nguo za watu. Jambo hili ni dogo sana kwa mtu anayesimamia chupa elfu kumi na nne.

Kwanza ushauri, bure. Mvalishe kila mtoto kengele shingoni. Akipotea unasikiliza. Kama wazazi watasema ni mambo ya mbuzi, basi waandikwe namba mgongoni kama wachezaji, na Kidoti apewe tisa, maana ana mashuti. Au wapakwe rangi puani, kila nyumba rangi yake. Wa Kinyozi wapakwe nyeusi, wasitofautiane sana na baba yao akitoka kuchoma takataka. Unaona? Nimekaa dakika tano tu na nimeshatoa njia tatu. Hiki kichwa wanakigombania hivi hivi?

Kuja siwezi. Tarehe 28 tuna ukaguzi, na mkaguzi amesema bila mimi hafungui kalamu. Lakini umetaka maandishi, maandishi haya hapa, mpe Nesi:

"Mimi niliyekuwa mhesabuji rasmi nathibitisha kwamba niliwahesabu watoto mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kwa kuwagusa vichwa. Nilipata thelathini na mmoja mara zote. Hesabu yangu haina doa. Ile njano ndiyo iliyotudanganya sote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna wa kulaumiwa. Tusameheane, watoto watembee."

Umeona nilivyoifunga? Hakuna wa kulaumiwa. Hata wakili asingefika hapo.

Nimekutumia na boksi la biskuti kwa dereva. Zimevunjika kidogo lakini utamu wake ni ule ule. Na umhesabie vizuri, yule ana mkono mrefu.

Bingwa wako

*

18 Juni

Mdogo wangu,

Biskuti zimefika. Maandishi yako pia yamefika, na Nesi ameyasoma mbele ya watu dukani, hakungoja mkutano.

Unajua ulichonifanyia? Kinyozi alisimama na mkasi wake mkononi akasema, "Basi imekwisha. Mhesabuji alihesabu sawa, mara tatu, mpaka vichwa kagusa. Kwa hiyo kilichopoteza mtoto ni kitambaa. Na kitambaa kilinunuliwa na nani?" Watu wote wakanigeukia. Umeandika kwamba hesabu yako haina doa. Doa likabaki bila mwenyewe, wakanipa mimi.

Jana wakaanza kurudisha vizibao. Mtu anaingia, anakiweka juu ya meza ya cherehani, anauliza hali yangu, anatoka. Mpaka nafunga mlango nilikuwa nimehesabu ishirini na tisa. Nilikaa nikaviangalia. Nilimaliza wiki tatu kwenye vizibao vile, Bingwa. Mishono ya mabegani nilipiga mara mbili mbili kwa sababu najua watoto wanavutana.

Nililia kidogo, sitakuficha. Halafu nikachukua mkasi.

Nimeamua hivi. Sitatupa hata kimoja. Nimepita nyumba hadi nyumba na mfuko, nikawaambia: nipeni kipande kutoka nyumbani kwenu, chochote, pindo la pazia, ukingo wa blanketi, mfuko wa shati la baba. Nitakishona mgongoni mwa kizibao cha mtoto wenu. Hata waje watoto wa miji saba wamevaa njano, mtoto wa kwenu utamjua kwa pazia la kwenu. Wengine walinifungia mlango. Wengine wamenipa. Mke wa Kinyozi amenipa kipande kwa siri, amekata shuka la kunyolea la mumewe, hajui bado.

Mkutano ukikataa, nitakwenda na wanangu wawili na yeyote atakayenifuata. Hata wakiwa watatu. Tutapanda gari la abiria, tutashuka pale pale getini, na nitawahesabu nikiwatazama usoni.

Kidoti alikuja leo mwenyewe, mama yake hajui, kaleta kipande cha pazia la jikoni kwao. Nilivyokuwa nashona akaniomba karatasi akuandikie. Amenikataza kusoma. Sijasoma. Iko ndani ya bahasha hii, ameifunga kwa gundi yangu yote.

Dada yako

*

18 Juni

Shikamoo Mjomba Bingwa,

Mimi sijambo. Meno mawili yameng'oka na moja limeanza kuota. Blanketi letu la mistari nimelikanyaga peke yangu, mama alisema nimeshinda mashine.

Mjomba, watu wanasema kizibao cha Fundi ndicho kilichonipoteza. Mimi sikupotea. Nilikuja nikakwambia nataka kwenda chooni. Wewe ulikuwa unapiga danadana unashindana na dereva wa lile basi jingine, ukasema nenda, nitakusubiri hapa hapa. Ulikuwa umefika sitini na mbili. Nilikwenda, nikanawa mikono, nikarudi nikasimama hapo hapo. Mlinzi alipokuja kunichukua tukanywe chai nilikataa. Nilimwambia nikiondoka Mjomba atarudi anikose. Akaniletea chai pale nje.

Sijamwambia mtu yeyote hiyo habari ya chooni. Mama alisema wewe ulipigiwa simu ya kazi bustanini, walikuwa wanakutaka haraka sana. Mtu akiitwa kazini lazima aende, hata baba huwa anaacha chakula. Kwa hiyo sikukasirika. Kama sio ile simu ungenisubiri.

Kinyozi akimsema Fundi nataka kusema lakini watakuja kukugombeza wewe na kazi yako ni kubwa.

Nilitaka kukuuliza, ulifika ngapi?

Wako mtiifu,
Kidoti

*

24 Juni

Kwa Nesi, Mwenyekiti, na wazazi wote wa mtaa,

Salamu sana. Barua hii naiandika mara ya tano. Nne za kwanza zilikuwa na vichekesho, nikazichana. Hii haina. Kama Kinyozi atacheka, atakuwa amecheka mwenyewe.

Maandishi niliyotuma kabla ya haya yachomeni.

Sikuhesabu. Sikuhesabu kwa macho, wala kwa kidole, na hakuna kichwa nilichogusa. Wakati ninyi mnakusanya masufuria na mikeka, mimi nilikuwa nyuma ya basi nikishindana kupiga danadana na dereva wa watoto wa relini. Nilikuwa nimewaambia nitafika mia na kumi. Watoto wamenizunguka wanapiga makofi, wetu na wa wenzetu wamechanganyika, na mimi makofi mnanijua. Honi ikapigwa. Nikawaambia watoto, "Ingieni, ingieni!" Wakaingia, na yule mtoto wa relini akaingia nao maana nilimsukuma mgongoni mwenyewe. Nikachungulia mlangoni, nikaona viti vimejaa njano, nikapiga kelele ile mliyoisikia. Ile "mara tatu" niliitia tu inoge.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kilichonichanisha zile barua nne. Kidoti hakupotea. Aliniaga kwamba anakwenda chooni. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, nitakusubiri hapa hapa. Nikamjibu huku macho yangu yako kwenye mpira. Mtoto alirudi akasimama pale nilipomwambia asimame. Nisingemsahau, hata angevaa kizibao cha rangi ya majivu angerudi na wenzake.

Kwa hiyo njano haina kosa. Fundi hana kosa. Alishona vizibao thelathini na kimoja kwa mikono yake, mimi kazi yangu ilikuwa kufungua macho tu, na nikashindwa. Miezi sita mmemnunia mtu ambaye siku ile alifanya kazi kuliko sisi wote, na mimi nilijua, nikanyamaza, tena nikaandika uongo juu yake ili nipone mimi. Ni dada yangu wa tumbo moja. Alinilea baada ya mama, na hata viatu vyangu vya kwanza vya shule alinunua yeye.

Naomba safari iwepo. Naomba yeye ndiye aongoze. Mimi msinipe tena kuhesabu, hata sahani.

Ni kweli pia akili yangu ilikuwa imevurugwa na ile simu ya kazi. Lakini sijitetei.

Aliyekuwa mhesabuji

*

29 Juni

Mdogo wangu,

Mkutano ulikuwa jana, darasani kwa watoto wa awali, watu wazima tumekalia vile viti vidogo magoti yamefika masikioni. Nesi alisoma barua yako yote, polepole, kama anasoma maelezo ya dawa.

Alipomaliza, Kinyozi ndiye wa kwanza kusimama. Akasema, "Ina maana miezi sita tumemkalia kooni fundi bure?"

Mke wake akamwambia, "Tumemkalia? Wewe na nani?"

"Mke wangu, hapa ni mkutanoni."

"Ndiyo, na mimi nachangia hoja."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikashangaa sauti yangu. Halafu mama yake Kidoti akasimama, na kicheko kikaisha. Alisema maneno machache. Kwamba hataki kusikia sifa zako wala machozi yako. Kwamba mwanawe usiku mwingine huwa anauliza kama mlango umefungwa na watu wote wapo ndani. Halafu akanigeukia, akaja mpaka nilipokaa, akachukua kile kizibao chenye kipande cha pazia lake, akakitazama, akasema, "Sikumtuma, lakini amechagua kipande kizuri." Akakikunja akakiweka kwenye mkoba wake.

Baada ya hapo kila mtu akaja kuchukua cha kwake. Wawili bado walikataa, ni haki yao. Safari ni Jumamosi tarehe 11 Julai. Bustani ile ile. Ninaongoza mimi. Kila mkubwa atakuwa na watoto watano wake, awajue kwa sura na kwa kipande cha mgongoni, na hakuna basi litakalowashwa mpaka kila mtoto ataje mwenzake aliyekaa naye. Kinyozi amejitolea kuhesabu getini. Alipoliona shuka lake mgongoni mwa kizibao cha mwanawe akalikagua, akasema litaonekana vizuri kwa mbali.

Wewe wamesema unaweza kuja ukitaka, kubeba maji. Mama Kidoti amesema uanzie kwake, umwambie uso kwa uso, kabla hujagusa dumu lolote.

Sasa mimi na wewe.

Kukusamehe, nitakusamehe, najijua. Lakini sio wiki hii. Uliniacha nikibeba mzigo wako nikidhani ni wangu. Nilikuwa nikilala nawaza ningenunua kijani.

Na kuna hili. Kwenye barua yako umevua kila kitu, ukabakiza simu. Bingwa, siku ile mfuko wako wa suruali ulikuwa umetoboka. Simu yako ulinipa mimi nikuwekee. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya mabakuli, imezimika chaji tangu asubuhi. Nilikurudishia tukiwa tumeshafika mtaani. Nimejua siku zote. Nilikuachia hiyo simu kwa sababu niliona umebakiwa na kitu kimoja tu cha kujisitiri, nikasema basi nacho nisimvue.

Lakini mkutano ulipokwisha Kidoti alinifuata, alikuwa amesikia dirishani. Akaniambia, "Fundi, Mjomba asigombezwe sana, ile simu ndiyo ilimchukua." Amesimama nayo miezi sita, kama alivyosimama pale bustanini. Anajiambia ungemsubiri kama usingeitwa.

Mimi sitamwambia. Hilo ni lako. Na usimwandikie kwa maneno ya kuzunguka zunguka, ana miaka saba, anaelewa Kiswahili.

Dada yako

*

3 Julai

Kidoti,

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa jino. Hongera pia kwa blanketi, maana lile la mistari nalijua, likilowa lina uzito wa ng'ombe.

Umeniuliza nilifika ngapi. Nilifika sabini na nane. Wote walikuwa wanapiga makofi, ndiyo maana sikukusikia vizuri uliponiaga, lakini nilikusikia. Nataka ulijue hilo. Nilikusikia na nikakujibu.

Wewe ulifanya ulichoambiwa. Uliambiwa usimame hapo hapo, ukasimama hapo hapo, mpaka chai ikakufuata. Mimi nimefanya kazi na watu wazima wengi na sijaona hata mmoja wa kusimama hivyo. Kama kuna mtu atakwambia ungelia au ungekimbilia basi, mwambie Mjomba amekataa.

Nimeomba ruhusa hapa. Wamenipa bila kunibembeleza nibaki. Nitafika Ijumaa tarehe 10 kwa basi la mchana, na nitakuja kwenu kwanza, hata begi sitaliweka chini. Nitaongea na mama yako. Atanisema sana. Wewe usinitetee, mwache aseme yote. Jumamosi nitabeba maji. Ukitaka kwenda chooni, mwambie Fundi au Nesi, maana mimi bado sijastahili kuombwa ruhusa, na nikistahili utaamua wewe.

Kuna jambo nimelichelewesha mpaka mwisho wa karatasi, na sasa nafasi ya kuchezea imekwisha.

Mimi sio msimamizi. Napanga makreti ya chupa tupu, foklifti ikipita mimi ndiye ninayekaa pembeni. Kazi hii niliipata wiki tatu baada ya kufika huku, kwa kusimama getini kila asubuhi na wenzangu. Simu haikulia bustanini. Hakuna mtu aliyeniita. Nilikusahau kwa sababu ya mpira, na kesho yake nikakimbia kwa sababu niliona aibu kukutazama.

Mjomba wako